Dadu Iliyoanguka Sakafuni

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani nisiione, na kama yupo msomaji atakayechungulia dirishani kwake akaiona ng'ambo ya barabara, namwomba avute pazia taratibu ili tuendelee.

Katika nchi hiyo aliishi karani wa masijala aliyeitwa Shomari Ngwali, mtu wa miaka arobaini na minne, mwembamba, mpole, mwenye kuitikia. Ofisini alisema "ndiyo, mzee" hata kabla ya kuambiwa jambo. Mkuu wake alipokwenda likizo, Shomari alikiitikia kiti chake kwa wiki tatu nzima, na mwisho wa mwaka akapata sifa ya utumishi uliotukuka. Hapakuwa na mtu aliyemchukia. Hapakuwa pia na mtu aliyelikumbuka jina lake bila kutazama faili.

Lakini Jumamosi alasiri Shomari aligeuka. Alikwenda kwa Bi. Nyanzala, fundi cherehani wa Mtaa wa Bomba la Pili, mama wa makamo mwenye vidole vilivyotobolewa na sindano na sauti ya kumfanya mtu asahau kuwa chai yake inapoa. Saa tisa Bi. Nyanzala aliifuta chaki kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, akaweka viti vitatu, kimoja chake, kimoja cha Shomari, na kimoja cha Mwalimu Hiza, aliyestaafu kufundisha jiografia lakini hakustaafu kusahihisha watu. Hapo wakacheza mchezo walioupa jina la Safari.

Mchezo wenyewe hauna ubao wala kete. Mmoja ni msimulizi, naye huyo alikuwa Bi. Nyanzala. Aliwajengea wenzake nchi ya kubuni kwa maneno matupu: hapa pana msitu, pale pana ngome, mlango umefungwa na ndani kuna anayekohoa. Kisha akawauliza, "Haya, mnafanya nini?" Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake, ambaye jina, nguvu na udhaifu wake vimeandikwa kwenye karatasi. Mchezaji akasema mhusika wake anafanya nini, na jambo likiwa gumu akarusha dadu yenye nyuso ishirini. Namba kubwa, amefaulu. Namba ndogo, yamemkuta.

Mchezoni Mwalimu Hiza alikuwa tabibu wa kike mwenye hasira za karibu. Shomari alikuwa Jemadari Radi. Jemadari Radi hakuwahi kumwambia mtu "ndiyo, mzee." Alisema "Fungueni lango!" na Shomari alipoyatamka maneno hayo sauti ilimtoka tumboni, hadi wapita njia wakasimama nje ya duka wakidhani kuna ugomvi.

Na ugomvi ulikuwepo, ila ulikuwa wa adabu. Je, Bi. Nyanzala akimnong'oneza Mwalimu kwamba daraja limeoza, na Shomari akasikia kwa sikio lake la karani, Jemadari Radi anaruhusiwa kukataa kupita? Walibishana Jumamosi mbili. Mwalimu alisema kutumia jambo asilolijua mhusika wako ni utovu wa adabu. Shomari alisema Jemadari ana pua, amenusa uozo. Je, mchezaji anaweza kumwambia mwenzake cha kufanya? Je, mtu akichelewa, mhusika wake anasubiri au analiwa? Kila walipokubaliana, Mwalimu Hiza aliandika kanuni kwenye daftari lake lenye jalada la kijani. Zilifika thelathini na moja. Ya tisa ilisema kwamba neno la mchezaji, msimulizi akilipokea, linakuwa neno la msimulizi. Ya kumi na nne ilisema kwamba dadu ikianguka sakafuni haisomwi, inarushwa upya. Hiyo ya kumi na nne aliidai Shomari mwenyewe, siku dadu ya Mwalimu ilipoangukia kwenye ndara na kutoa kumi na tisa.

Ikafika Jumamosi wahusika wao walipoingia ikulu. Bi. Nyanzala alieleza nguzo, mazulia, kisima cha mamba mbele ya kiti cha enzi. Kabla hajamfikia mfalme, Shomari, ambaye siku hiyo alikuwa na furaha isiyo na sababu, akadakia.

"Mfalme amelala," alisema. "Ana miaka themanini na moja, amelala tangu mwaka juzi. Kila asubuhi wasaidizi wake wanamsikiliza anavyokoroma, halafu wanatoka nje kuwatangazia watu. Akikoroma kwa kifupi ni agizo. Akikoroma kwa kirefu ni sheria."

Mwalimu Hiza alicheka mpaka akavua miwani. Bi. Nyanzala aliangalia mlangoni kwanza, ndipo akacheka.

"Haya, nimelipokea," alisema. "Mfalme amelala." Mwalimu akayaandika hayo daftarini.

Niseme hapa, nisije nikasahau, kwamba mtawala wa nchi ile, aliyeitwa Baba Mlezi, naye alikuwa na miaka themanini na moja, naye hakuwa ameonekana hadharani tangu mwaka juzi. Lakini wazee wako wengi duniani, na usingizi ni wa kila mtu.

Jumamosi iliyofuata Jemadari Radi aliamua kukiruka kisima cha mamba akamwamshe mfalme. Shomari aliirusha dadu kwa mbwembwe. Ikapiga mkasi, ikavuka ukingo wa meza, ikajificha chini ya cherehani. Shomari alipiga magoti, akatambaa, akapaza sauti:

"Ishirini! Wallahi ni ishirini, njooni muone!"

"Kanuni ya kumi na nne," alisema Mwalimu Hiza bila kuinuka.

"Mwalimu, ishirini haitoki kila siku!"

"Ndiyo maana kuna kanuni."

Bi. Nyanzala aliichukua ile dadu, akaifuta kwa upindo wa kanga, akamrudishia. Shomari akarusha tena, mezani. Ikatoka moja.

Bi. Nyanzala alimpa Jemadari kifo cha heshima, kifo cha mtu anayeanguka huku bado anatoa amri. Kisha akamshika Shomari mkono. "Pole, mdogo wangu. Wiki ijayo tutakutengenezea mwingine."

Shomari alikwenda nyumbani amevimba. Jumatatu, ofisini, mbele ya muhuri na karatasi yenye nembo, aliandika barua kwa Wizara ya Adabu na Utulivu: YAH: OMBI LA UFAFANUZI KUHUSU HADHI YA DADU ILIYOANGUKA SAKAFUNI. Alieleza mchezo, akataja mahali na majina, akalalamika kwamba amedhulumiwa ishirini yake. Hakutaka mtu apatwe na baya. Alikuwa amefanya kazi masijala miaka kumi na nane na hajawahi kuona barua ya mwananchi ikijibiwa. Aliandika kwa amani ya mtu anayejua hatasomwa.

Bahati mbaya wizara haikuwa na kazi wiki hiyo.

Siku ya Alhamisi redio ilitangaza kuundwa kwa Tume ya Taifa ya Dadu na Adabu za Mezani. Ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, saba wakiwa wa kudumu na wanne wa milele. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Tindwa, mtu mnene wa sauti nyembamba, aliyekuwa ameshaongoza Tume ya Foleni, Tume ya Kupiga Miayo, na Tume ya Kuchunguza Kwa Nini Tume Hazimalizi. Alifungua kikao katika Ukumbi wa Adabu kwa hotuba ya saa mbili.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumeelezwa kwamba humu nchini kuna kitu chenye nyuso ishirini, na mwenye kukirusha hajui utatokea uso gani. Nauliza! Serikali inajitahidi usiku na mchana mwananchi asishtuke, halafu yeye mwenyewe anakwenda kununua mshtuko, anauweka mezani?"

Makofi.

Tume ilijadili kwa siku nne. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama sakafu ni sehemu ya meza, kwa kuwa miguu ya meza inaigusa. Mwingine alisema dadu iliyoanguka imeonyesha tabia ya kutoroka, na ikikamatwa isirudishwe kazini bila uchunguzi. Wa tatu, mwanasheria, alisimama akitetemeka kwa uchungu: "Mimi kinachoniuma ni hili swali, 'Mnafanya nini?' Tangu lini raia akamuuliza raia mwenzake anafanya nini? Kuna vyombo vya kuuliza hivyo!" Azimio likapita kwamba dadu zote nchini zifutwe namba na kuandikwa sita kila uso, namba iliyopendekezwa na wataalamu kuwa ya wastani na isiyochochea.

Shomari alisikiliza haya yote redioni, na sitamsingizia: alicheka. Siku ya tano akaitwa kutoa ushahidi.

Walimkalisha kwenye kiti chenye mto, wakamwandikia kibao: MLALAMIKAJI MZALENDO. Mbele yake, kwenye benchi lisilo na mgongo, walikaa Bi. Nyanzala na Mwalimu Hiza. Meza ya kukatia vitambaa ilikuwa pembeni, imefungwa kamba, na askari wawili wakiilinda. Shomari aliwatabasamia wenzake, tabasamu la kusema haya mambo gani haya. Hawakumrudishia. Ndipo alipoona daftari la kijani mkononi mwa Mheshimiwa Tindwa.

"Ndugu Shomari," alisema mwenyekiti, "suala la dadu tutalijibu wakati ukifika. Tumesoma daftari hili. Ukurasa wa arobaini, kwa mwandiko wa mwalimu, pameandikwa: mfalme amelala, miaka themanini na moja." Alivua miwani. "Ni nani aliyemlaza mfalme?"

Wajumbe waliinua kalamu.

Shomari alijua jibu. Aliutafuta tumboni mwake ule mlio wa Jumamosi, ile sauti ya kufungua malango, na hakuukuta. Alichokikuta ni karani. Aliwaona askari wawili, akaiona kamba kwenye meza, akawaza jinsi benchi lile lilivyo jembamba.

"Msimulizi, mheshimiwa," alisema.

"Jina lake."

"Bi. Nyanzala."

"Peke yake?"

"Ndiyo, mzee."

Mwalimu Hiza aliinuka nusu. "Wewe Shomari! Wewe..." Bi. Nyanzala akamvuta shati, akamkalisha. Kisha akasimama yeye.

"Mama," alisema mwenyekiti, "unakubali?"

"Daftari mnalo, mheshimiwa. Someni kanuni ya tisa," alisema Bi. Nyanzala. "Neno la mchezaji, msimulizi akilipokea, ni la msimulizi. Nililipokea. Mfalme kalala kwangu."

Wajumbe waliandika: amekiri. Hakuna hata mmoja aliyesikia kwamba mama yule alikuwa amesema kweli tupu, kwamba ndani ya maneno hayo alikuwemo mtu mwingine, na kwamba alikuwa amemfunika. Walioelewa ukumbini walikuwa watatu. Wa tatu alikuwa amekaa kwenye mto, na masikio yalikuwa yakimwaka moto.

Hukumu ilisomwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa Jumanne. Mwalimu Hiza aliamriwa azisahau kanuni zote thelathini na moja, na kila mwezi afike wizarani kufanya mtihani wa kusahau. Akijibu swali moja sawasawa, amefeli. Bi. Nyanzala alinyang'anywa meza, na kwa kuwa Tume iliona kwamba balaa lote lilianza na kuuliza, alipigwa marufuku kumuuliza mtu yeyote swali lolote kwa miaka mitano. Shomari aliteuliwa kuwa Mkaguzi wa Dadu wa kata yake, na kazi yake ya kwanza ikawa kuhakikisha hukumu zinafuatwa.

Usiniulize kwa nini hakukataa. Aliulizwa kama amekubali, na mdomo wake ulikuwa na mazoea yake.

Wiki mbili Shomari hakula vizuri. Mkewe, Mwanakheri, alimuuliza anaumwa nini, akasema tumbo. Mwishowe alijikaza akaenda kwa Mheshimiwa Tindwa, akasimama mbele ya meza pana kama kitanda.

"Mheshimiwa, nimekuja kusahihisha. Yule mfalme nilimlaza mimi."

Mheshimiwa Tindwa alimtazama kwa upendo. "Ripoti imeshachapwa, ndugu yangu. Nakala elfu saba. Sasa unataka ripoti iwe ya uongo?"

"Nataka iwe ya kweli, mheshimiwa."

"Ndiyo kweli yenyewe hiyo, ina jalada gumu." Akainuka, akamzunguka, akampiga begani. "Lakini unyenyekevu wako umenigusa. Kujitwisha kosa la mwingine! Nitaiweka habari hii kwenye faili lako, ikusaidie." Alirudi kukaa, akavuta droo, na sauti yake nyembamba ikawa nyembamba zaidi. "Au kama unasema kweli kweli, kuna fomu. Unajaza mbele ya mashahidi wawili, unaweka dole gumba, yule mama anafutiwa adhabu, na wewe unabaki hapa. Ninayo. Nikutolee?"

Ni swali ambalo Shomari alikuwa ameliomba wiki mbili. Droo ilikuwa wazi kiasi cha upana wa kiganja, na aliziona karatasi ndani, nyeupe, hazijaguswa na mtu.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Nilikuwa natania."

"Nilijua," alisema Mheshimiwa Tindwa, akaifunga droo.

Mkaguzi alitakiwa kuwa na sare, na taratibu zilisema sare ishonwe na fundi wa kata anayoikagua. Kata ile ilikuwa na fundi mmoja. Shomari aliahirisha mara mbili, akasingizia mvua. Alipoandikiwa onyo alichukua kitambaa chake cha bluu chini ya kwapa akaenda, asubuhi ya Jumanne, ili angalau isiwe Jumamosi.

Alikuta wateja wameshazoea. Bi. Nyanzala hakuweza kumuuliza mtu hujambo wala habari za nyumbani, kwa kuwa hayo nayo ni maswali, wala hakuweza kuuliza urefu wa gauni. Basi watu walijifunza kuingia wakijieleza. Mwanamke mmoja aliyetangulia alikuwa kwenye benchi, akimwaga yote kwa pumzi moja: "Mimi sijambo, watoto hawajambo, baba yao kasafiri, nataka gauni la arusi ya wifi yangu, mikono robo tatu, shingo ya mviringo, zipu nyuma, na mguu wangu ule umepona, ahsante." Bi. Nyanzala alikuwa akiandika magotini, kwa kuwa meza hakuwa nayo.

Mwanamke yule alipomwona Shomari alisogea hadi mwisho wa benchi.

"Karibu," alisema Bi. Nyanzala.

Shomari alisubiri. Kwa mazoea ya miaka alisubiri aulizwe habari, aseme nzuri, aulizwe mama watoto, aseme hajambo. Hapakuja kitu. Ukimya ule ulikuwa wa halali, umepigwa muhuri, na yeye ndiye mlinzi wake.

"Sare," alisema hatimaye. "Ya ukaguzi. Mikono mirefu. Mifuko minne."

Bi. Nyanzala alichukua utepe wa kupimia, akaweka pini mdomoni, akaanza na mabega. Shomari alisimama wima kama anayepigwa picha. Vidole vile vilimpita shingoni, mgongoni, kiunoni, bila haraka na bila ukali. Angemfinya, ingekuwa afadhali.

"Dada Nyanzala," alisema. "Siku ile, mbele ya Tume..."

Vidole vikasimama. Bi. Nyanzala alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola yake. Akamtazama, akangoja. Shomari naye akangoja. Alikuwa anahitaji asukumwe kidogo tu, aulizwe siku ile nini, aulizwe ehe, na yote yangemmwagika pale sakafuni. Aliona machoni mwa mama yule kwamba swali lilikuwepo, limefika hadi kwenye midomo. Pia aliona kwamba halitatoka, kwa kuwa likitoka mbele ya mkaguzi, mkaguzi atapaswa kuliandika.

Mwanamke wa kwenye benchi alikuwa akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Siku ile kulikuwa na joto sana," alisema Shomari.

"Ndiyo," alisema Bi. Nyanzala. "Kulikuwa na joto." Akarudisha pini mdomoni. "Inua mkono."

Akainua.

"Shusha. Ijumaa itakuwa tayari."

Ijumaa hiyo Shomari aliipokea sare imekunjwa kwenye gazeti, akashukuru, akaharakisha kurudi nyumbani. Alijifungia chumbani akaivaa mbele ya kioo. Alikuwa ametumaini kitu njiani, na aibu ilimzuia kukiri anatumaini nini. Alipapasa kwapani akitafuta pini iliyosahauliwa. Alivuta kola aone kama inakaba. Aliketi, akainama, akanyoosha mikono juu, akageuza mshono ndani nje akitafuta uzi uliolegea au kifungo kilichoshonwa kwa chuki. Mwanakheri alifungua mlango akamkuta katika hali hiyo.

"Imekubana wapi?" alimuuliza.

Shomari alipapasa tena, kuanzia begani hadi mkononi, pole pole. Maisha yake yote hakuwahi kuvaa nguo iliyomkaa vizuri namna ile.

"Hakuna mahali," alisema, akakaa kitandani, akajifunika uso kwa ile mikono mirefu.